Usimwambie "nenda", mwambie "twende": niliyoongea siku ya kuvunja kikoba

Mliokwama Jumamosi kwa mvua na foleni, mkakosa siku ya kuvunja kikoba na kugawana akiba zetu, mmenijazia meseji, "dada nesi tuwekee ulichoongea". Haya. Nimesikiliza rekodi ya mweka hazina nikaandika kama ilivyo, nimetoa tu kelele za watoto na ile mashine ya kusaga ya jirani. Majina sikutaja na vitu viwili vitatu nimevigeuza ili mtu asijulikane, kwahiyo msianze kukisia.

Kikoba hoyee! Hiyo hoyee ya watu wenye njaa, turudie. Kikoba hoyeee! Haya sasa.

Mwenyekiti, mama zangu, dada zangu, wanangu wa juzijuzi mlioingia na hisa mojamoja, na nyie baba zetu wanne mliojificha kule nyuma kwenye spika mkidhani siwaoni. Shikamooni wakubwa. Wadogo marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Najua mnasubiri mgao. Pilau nayo imeshaiva, harufu inanifikia hata mimi. Miaka yote mkiniita ni presha na sukari, naongea dakika kumi nakula naondoka. Mwaka huu mwenyekiti kanipigia anasema dada nesi, tuongelee mambo ya akili na majumbani. Nikamuuliza kulikoni? Akanambia kuna wanachama watatu wameacha kuja, na daftari linaonyesha hawadaiwi.

Mmesikia hapo? Hawadaiwi. Sisi tumezoea mtu akipotea kwenye kikoba tunajua moja kwa moja huyo kakimbia marejesho, tunaanza kumtafuta mdhamini wake. Sasa hawa hawadaiwi hata mia. Wamekimbia nini?

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana nikianza na makosa yenu mtaninunia.

Zamani kidogo, niko kijana kazini, zahanati moja siitaji, alikuwa anakuja baba mmoja fundi seremala. Kichwa, tumbo, mgongo, usiku halali. Tunapima malaria hamna, taifodi hamna, tunampa panadoli anaondoka, wiki mbili karudi. Mara ya nne nikamwangalia vizuri nikaona huyu si malaria, nikajiona nimesoma kweli, nikamwandikia karatasi, "nenda hospitali ya wilaya, kitengo cha afya ya akili". Yule baba akaisoma ile karatasi taratibu, akaikunja mara mbili, akaiweka mfuko wa shati, akasema asante sista. Akaenda zake. Kama miezi miwili baadae akaja mke wake na ile karatasi mkononi imelowa, kaikuta kwenye shati wakati anafua, anataka kujua inasema nini, yeye hajui kusoma na mumewe kaondoka nyumbani wiki ya tatu hajulikani alipo.

Nilimsomea. Mpaka leo sijawahi kusoma kitu kigumu kama kile, na mwandiko ni wangu.

Kosa langu liko wapi? Ugonjwa nilipatia. Mahali pa kumpeleka nilipatia. Nilikosea neno moja tu, nilimwambia "nenda". Mtu ambaye kutoka kitandani kwake asubuhi ni kama kupanda mlima, mi namwambia apande daladala mbili, aulize mlango wa watu wa akili uko wapi mbele ya foleni nzima, na pengine pale kwenye foleni kuna jirani yake. We ungeenda? Mi nisingeenda! Nilitakiwa kumwambia "twende", na kama siwezi kwenda mimi basi nimtafute wa kwenda nae.

Leo nataka mlishike hilo. Mengine yote mnaweza kusahau mkishapokea hela zenu.

Sasa tuwarudie wetu watatu. Mmoja nilimfuata mwenyewe. Wengi mnakumbuka tulimchangia vitenge vya uzazi, tukaenda tukala, tukacheza, tukarudi. Nilifika kwake saa nne asubuhi. Mtoto kaogeshwa, kapakwa mafuta anang'aa, kachorwa wanja, kafungwa vizuri. Mama mtu kavaa dera kageuza ndani nje, mishono yote iko nje na hajui. Chai iko kwenye stuli imeganda utando juu. Mama mkwe kanipokea vizuri tu, ananiambia huyu anadeka, sisi tumezaa nane tukaenda shamba, tena tunamkanda maji ya moto kila siku, tunampa uji wa pilipili manga, sasa analilia nini?

Nikamwomba mama mkwe aniangalizie maharage ya kununua hapo nje. Uongo wa kinesi huo. Tukabaki wawili. Nikamuuliza unalala? Akasema mtoto akilala mimi naangalia dari. Nikamuuliza tena, polepole. Akanambia dada, hivi nikiondoka mimi, nyie mtaweza kumtunza huyu mtoto?

Mama zangu, hapo mtu hajauliza swali la malezi. Hapo mtu anaaga.

Ngoja nieleze hapa kidogo maana hapa ndo tunachanganya. Mama akishajifungua, siku chache za kwanza kulialia, hasira, kununa, ni kawaida, homoni zinashuka kwa kasi, inapita yenyewe ndani ya wiki mbili. Ikivuka wiki mbili na bado hana raha na chochote, halali hata akipewa nafasi, hali chakula, anajiona mama mbaya, hiyo sio kudeka, hiyo ni sonona ya uzazi na ina matibabu. Shirika la Afya Duniani linasema kwenye nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano baada ya kujifungua anapata tatizo la akili, na kubwa zaidi ni hiyo sonona. Mmoja kati ya watano! Jihesabuni hapo kwenye mkeka, wazazi mko wangapi? Halafu kuna ile ya tatu, ambayo ni chache lakini ndo ya hatari, mama hajalala siku kadhaa, anaongea vitu havieleweki, anasikia sauti, anasema huyu sio mtoto wangu. Hiyo hakuna kusubiri kesho, hakuna kumwacha peke yake na mtoto, ni hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni saa nane usiku.

Wengi wenu hapo mtasema mashetani. Mi sibishani na mashetani ya mtu. Mnataka kumsomea dua, msomeeni. Mnataka mchungaji aje aombe, aje. Ila dua isomwe hospitalini au isomwe jioni mkisharudi, kwa sababu maombi na dawa havijawahi kugombana hata siku moja, wanaogombana ni sisi. Nimeona padri anamleta mgonjwa wodini kwa gari lake mwenyewe. Na nimeona, samahani, mtu kafungwa kamba kwenye nguzo miezi mitano anasubiri jini litoke.

Basi, nikamwambia twende. Sikumwambia kitengo cha akili, nikamwambia twende kliniki ya mtoto, kadi iko wapi? Kwa sababu kliniki ya mtoto ni mlango ambao hakuna mtu anamshangaa mama kuingia. Pale pale kuna nesi, mwambie nesi "dada, mimi mwenyewe siko sawa, silali". Hayo maneno yanatosha, usitafute ya kizungu. Ikibidi atakuandikia rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, na huko kuna watu wa afya ya akili. Hapa Dar juu yao kuna Muhimbili. Mirembe ile ya Dodoma mnayotukaniana nayo, "we umetoka Mirembe", ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, iko tangu 1927, wanaingia watu wanapona wanarudi wanalipa hisa kama nyie. Na sio kila mwenye mawazo anapelekwa Mirembe, wengi wanatibiwa wanarudi kulala kwao siku hiyo hiyo.

Huyu mwenzetu alianza maongezi na dawa. Na hizi dawa za sonona mzijue, hazifanyi kazi kama panadoli. Zinachukua wiki mbili mpaka nne ndo mtu aanze kuona tofauti, na watu wengi wanaziacha wiki ya kwanza wanasema hazinisaidii zinanipa usingizi tu, halafu wengine wakipata nafuu wanazikata ghafla. Usianze na usiache bila kuongea na aliyekupa. Na kama unanyonyesha sema unanyonyesha, zipo unazoweza kutumia. Kama hela ya matibabu hamna, muulizeni afisa ustawi wa jamii, hospitali za serikali wanao, ofisi yao mara nyingi imejificha huko nyuma, ni yeye anayeshughulika na misamaha. Watu wanarudi nyumbani kwa kukosa hela wakati mlango wa pili kushoto kuna mtu kazi yake ni hiyo.

Mwezi uliopita nimempitia, dera lilikuwa sawasawa.

Sasa baba zetu kule kwenye spika. Mmenyamaza sana leo, mi nawajia.

Mwanamke akichoka atalia, atanuna, atamwambia shoga yake, atamwambia mpaka muuza mboga. Mwanaume akichoka anafanyaje? Anasema niko poa. Kijiwe kizima cha bodaboda kila mtu yuko poa! Mmoja kakopa mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, laki tatu, kila siku anatakiwa arudishe, pikipiki ni ya bosi na hesabu ya bosi inamsubiri, kajaribu kuweka mikeka ya kubeti ili airudishe kwa mkupuo, mikeka imechanika. Niko poa. Anarudi nyumbani mke anaona hasira, watoto wanaona kipigo, kijiwe kinaona mtu anapiga stori na anacheka.

Huyo kijana yupo, ni mume wa mmoja wetu, na kanipa ruhusa niseme. Mke wake ndo alishtuka, si kwa sababu ya hasira, hasira alishazizoea. Alishtuka siku mumewe alipotulia. Alikuja na samaki, akacheza na mtoto, akampa mdogo wake simu yake nzuri akasema "ichukue tu", akampigia mama yake kijijini kumuomba msamaha wa mambo ya zamani. Mke anasema dada nilifurahi mpaka nikaogopa.

Aliogopa vizuri. Mtu aliyekuwa na giza muda mrefu, ghafla katulia, anagawa vitu vyake, anaaga watu, hapo usifurahi, uliza. Na uliza kwa jina lake, "baba fulani, unafikiria kujiua?" Mnaona mlivyoshtuka? Mnaogopa ukimuuliza utamtia wazo. Hapana, wataalamu wameliangalia hilo muda mrefu, kuuliza hakumtii mtu wazo. Kunampunguzia mzigo, kwa sababu ndo mara ya kwanza anaona kuna mtu anaweza kulibeba lile neno na asikimbie. Akijibu ndiyo, usimhubirie, usimwambie fikiria watoto, watoto anawafikiria usiku kucha ndo maana kafika hapo. Kaa nae. Ondoa sumu ya panya, ondoa madawa ya shambani, ondoa kamba, asilale peke yake usiku huo, asubuhi twende. Tena twende!

Hapa kuna kitu kinanikera niseme tu. Sheria yetu, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 217, mpaka leo kujaribu kujiua ni kosa. Kwahiyo mtu kanusurika, ndugu wanamficha, wanamwambia daktari "alikunywa kwa bahati mbaya", na daktari anatibu tumbo anamruhusu arudi na kile kile kilichomfikisha pale. Wenzetu Kenya mwezi wa kwanza 2025 Mahakama Kuu yao ilisema kifungu cha namna hiyo kinakwenda kinyume na katiba. Sisi bado. Ila nyie mkifika hospitali semeni ukweli, mimi miaka yote kazini tulichokuwa tunakihangaikia ni roho ya mtu.

Yule kijana alianza kutibiwa, na kingine kilichomsaidia kitawashangaza, ilikuwa ni kukaa na watu wa kikoba tukaandika madeni yake yote kwenye karatasi moja. Alikuwa hajawahi kuyaona pamoja, alidhani ni milioni sita. Yalikuwa milioni mbili na laki moja. Sio kila shida ya akili imeanzia akilini, nyingine imeanzia kwenye kausha damu, na ukitibu kichwa ukaacha deni umefanya nusu.

Zimbabwe kule kuna daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda, mwaka 2006 alianzisha benchi nje ya zahanati mtaa wa Mbare, Harare, wakawekwa mabibi waliofundishwa, mtu anakaa na bibi kwenye benchi anaongea, wanachagua tatizo moja la kuanza nalo. Wao ule ugonjwa wanauita kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Si ndo sisi tunasema "ana mawazo"? Utafiti wao ulitoka 2016 ukaonyesha wale mabibi wanasaidia kweli kweli. Mabibi! Na hapa kwenye mkeka mabibi nawaona mmejaa, mnagawana ugoro tu.

Ndoa. Mmeanza kucheka, najua hapa ndo mlipokuwa mnapasubiri.

Sisi binti akiolewa tunamfanyia kitchen party, somo wake anamfundisha kupika, kunukia na kuvumilia. Vumilia, vumilia, vumilia. Mimi nimekaa meza kuu kitchen party nyingi, sijawahi kusikia mtu anamwambia bibi harusi ukishindwa kuvumilia uende wapi. Tunampa sufuria kumi na mbili na mlango hatumpi hata mmoja.

Kwahiyo nawapa leo, ila kwanza tutofautishe. Kuna ugomvi na kuna kipigo. Ugomvi ni hela, ndugu wa mume, simu ina paswedi, hajanigusa miezi mitatu. Huo unasuluhishwa. Anzeni na mtu mmoja mnayemheshimu wote wawili, sisitiza wote wawili, sio kaka yako ambaye anamchukia mumeo tangu siku ya mahari. Mkishindwa kuna baraza la usuluhishi la ndoa, liko kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, yapo kwenye kata, yapo kwenye taasisi za dini, Bakwata wanalo, makanisa yanayo. Watu wanadhani baraza ni njia ya kuachana kwa sababu mahakama kwa kawaida haipokei kesi ya talaka mpaka upite hapo upate cheti kwamba wameshindwa kuwapatanisha. Lakini mimi nawajua walioingia barazani wanataka cheti wakatoka wanagombania nani alipie nauli ya kurudi, pamoja, bajaji moja.

Kipigo ni kitu kingine. Kipigo hakipelekwi kwenye usuluhishi mkaketishwa pamoja mkaambiwa kila mtu aombe msamaha. We umuombe msamaha wa kuweka shavu njiani? Sheria hiyo hiyo ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake kama adhabu. Mume au mke, baba zetu msicheke, wapo wanaume wanapigwa na nimewashona mimi. Kipigo kinaenda Dawati la Jinsia na Watoto, kituo cha polisi, unapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, unatibiwa. Kama hali yako ni mbaya tangulia hospitali kwanza, damu haisubiri karatasi. Na usiende peke yako, maana ukifika peke yako ukakuta askari amechoka akakwambia "mama rudini mkayamalize nyumbani" utarudi. Mkiwa wawili hamrudi.

Mengine napita haraka mwenyekiti ananionyesha saa. Watoto na vijana, namba 116, bure, ni ya watoto lakini mzazi nae anapiga. Wale wenye mtoto chuo kadisko, yaani kafeli kaondolewa, msimtukane wiki ya kwanza, tafadhali, ada imeshaenda, mtoto bado yupo. Mwenye ndugu anayetumia unga, yaani heroini, kliniki ya methadone, dawa ya kumsaidia kuuacha, ilianza Muhimbili 2011, Mwananyamala na Temeke zikafuata, dawa ni bure, ila anatakiwa kufika kila siku, hasa mwanzoni, kwahiyo swali la familia ni nani atakuwa anaamka nae. Mjane aliye kwenye eda, miezi minne na siku kumi, sisi tunajaa siku tatu za matanga halafu tunapotea, na yeye ndo kwanza nyumba inaanza kuwa kimya. Mpitieni mwezi wa pili. Mwezi wa pili ndo mbaya.

Na hawa washauri wa mahusiano wa mitandaoni wanaowauzia darasa la wasap elfu hamsini, muulizeni amesomea wapi na nani anamsimamia. Akianza kukasirika umeshapata jibu na hela yako imepona. Ushauri nasaha wa kweli haukwambii "mwache huyo mwanaume" dakika ya tano.

Haya, nimemaliza. Wale wawili waliobaki, majina yao mnayajua, msiwapigie simu mkasema tumekumiss. Nendeni, na mnapoenda msiende na daftari. Mmoja anapenda vitumbua, basi.

Mimi nitakaa pale pembeni ya masufuria, nikila. Anayetaka kuongea aje kama anakuja kuongeza kachumbari, hakuna atakayejua. Jumanne asubuhi naenda hospitali ya wilaya na mmoja wenu, ameshaniambia kabla sijashika hiki kipaza, na msigeuke kuangaliana. Tunapanda bajaji saa moja na nusu hapo kwa mangi. Sisi ni wawili, bajaji inabeba watatu.

Mweka hazina, njoo na bahasha zako.